Uzoefu wangu na mhesabu vijazio wa Toastmasters, kwa wanaohutubia kwa Kiswahili

Katika vilabu vya Toastmasters, ambako watu hujizoeza kuhutubia, vilivyoanzishwa na Ralph Smedley huko California mwaka 1924, mtu mmoja kila kikao hupewa kazi ya kuhesabu vijazio vya wasemaji, yaani "eee" na maneno yasiyo na kazi katika sentensi. Wao humwita Ah-Counter. Mwishoni anasimama na kusoma: fulani "eee" 14, "yaani" 9. Kwa kukufungua masikio, sijaona huduma inayoizidi hii, na kwa kawaida mgeni anakaribishwa hata kabla ya kujiunga.

Ila karatasi yake ya kuhesabia imepangwa kwa Kiingereza, na hapo ndipo Waswahili tunaponyimwa haki yetu. Maneno yetu huishia kwa irabu, kwa hiyo kijazio hakisimami peke yake, kinang'ang'ania mkia wa neno: "naaa", "kwambaaa", "kwa sababuuu". Mhesabu asiyelijua hilo ataandika sifuri kwa mtu aliyevuta irabu hotuba nzima.

Mwombe achore safu nne: sauti tupu (eee, aaa, mmm), irabu zilizovutwa, maneno ya kujazia (yaani, kiukweli, kimsingi, nini), na maneno yaliyorudiwa. "Yaani" isihesabiwe inapofafanua, kama "alichelewa saa nzima, yaani alikuta tumeshafunga". Ihesabiwe katika "tulikuwa yaani tunataka yaani kusema".

Jumla peke yake haitoshi. Vijazio 21 katika dakika 6 ni 3.5 kwa dakika. Hiyo ndiyo namba ya kulinganisha wiki hadi wiki. Zaidi ya hapo, ulizia vilitokea wapi. Vikirundikana unapotoka hoja moja kwenda nyingine, hujaandaa sentensi ya kuvukia: iandike, uikariri hiyo tu. Vikitangulia tarakimu au majina, yaweke kwenye kikaratasi mkononi.

Vilabu vingine hugonga kengele kila kijazio kinapotoka. Siipendekezi kwa anayeanza. Inamkata wazo, na akitafuta alipoachia anatoa "eee" nyingine mbili.

Nyumbani, kinasa sauti cha simu kinatosha. Hutubu dakika 2 bila kusoma, simu ikiwa nusu mita kutoka mdomoni. Sikiliza mara ya kwanza ukihesabu, mara ya pili ukiandika neno lililotangulia kila kijazio. Usitegemee programu za kugeuza sauti kuwa maandishi, kwani nyingi huzifuta "eee" zenyewe na kukuonyesha hotuba safi ambayo hukuitoa.

Kuhesabiwa hakuponyi bila kitu cha kuweka mahali pake. Utafiti wa Clark na Fox Tree wa mwaka 2002 ulionyesha kuwa wasemaji wa Kiingereza hutumia sauti hizi kuashiria kwamba watachelewa kidogo kuendelea. Jukwaani hakuna anayekunyang'anya zamu, basi ishara hiyo haina kazi. Ukimaliza sentensi, funga midomo, vuta pumzi kwa pua, kisha endelea. Sekunde moja ya kimya wewe utaiona ndefu mno. Msikilizaji ataiona ni nukta.

Naipa huduma hii nyota 4 kati ya 5. Ya tano naiweka hadi vilabu vinavyoendesha vikao kwa Kiswahili viwe na karatasi yenye safu ya irabu zilizovutwa. Kwa sasa, nenda na yako uliyoichora mwenyewe, umkabidhi mhesabu kabla kikao hakijafunguliwa.