Skyrim: gemu la 2011 na bado halijaniachia

Jamani Skyrim ilitoka Novemba 2011 na mi saa hizi naianza mara ya nne, ule mkokoteni wa mwanzo unaokupeleka mji wa Helgen kukatwa kichwa nimeshaukariri, kichwa kwenye gogo, shoka linapanda, mara dragoni huyo. Safari hii nimekuwa Khajiit (wale watu-paka) mwizi, natembea nimechuchumaa tu. Juzi nilikuwa naenda zangu High Hrothgar, ile nyumba ya watawa juu mlimani, kwenye zile ngazi 7,000, njiani nikaona pango nikasema ngoja nichungulie, kuja kushtuka saa nane usiku na begi limejaa jibini, ngazi hata moja sijapanda. Mapigano ya panga bado mazito, kama unapiga gunia. Ila majitu usiyachokoze mapema, rungu moja tu unarushwa mpaka mawinguni, mi nimerushwa mara mbili na nikarudi tena.