Tafi wa kupaka kwa akina mama wa Gazi

Mimi ni mpishi wa shughuli huku Likoni, kwa hivyo tui la nazi halinipiti hivi hivi. La akina mama wa Gazi, Kwale, wanaopikia wageni, ni zito, nazi imekunwa siku hiyo hiyo. Samaki, tafi, alichomwa kwanza kwenye mkaa hadi ngozi ikakauka, ndipo akapakwa rojo la tui, ukwaju na pilipili. Wali ulichambuka. Mchunga waliupika kwa nazi, uchungu wake wakaubakiza, na hapo ndipo waliponipata kabisa! Mboga ya wazee wetu wa Kidigo haifai kuchemshwa mpaka ladha ikimbie.

Kabla ya kula, pita kwenye daraja lao la mbao ndani ya mikoko, uonyeshwe aina zake: mchu, mlilana na mkandaa. Msitu huu ulikatwa sana miaka ya 1970 kwa kuni za kuchomea chokaa na matofali, kisha ukapandwa upya. Tangu 2013, Gazi na Makongeni huuza hewa ukaa, yaani hulipwa kwa kaboni inayohifadhiwa na mikoko, kupitia mradi wa Mikoko Pamoja, wakilinda hekta 117. Mapato yameleta maji na kusaidia shule. Na samaki wadogo hukulia kwenye mizizi hiyo, kwa hivyo kitoweo pia kinalindwa.

Mkiwa kundi, agizeni siku moja kabla, na mtaje mchunga kwa jina. Vaeni viatu visivyoteleza. Mimi nitawapeleka wanafunzi wangu wa upishi wakajifunze kupaka.