Mimea rahisi na mandharinyuma ya tangi la samaki: ukiwa Kigoma, anza na ipi?

Mfugaji wa samaki wa mapambo aliyeko Kigoma ana neema ambayo wenzake wa mikoa mingine huitafuta kwa chumvi na dawa za kubadili maji. Maji ya bomba ya mjini hutoka Ziwa Tanganyika, nayo ni magumu, yaani yana madini mengi, na yana alkali. pH ya ziwa, kipimo cha asidi na alkali, huwa kati ya 8.6 na 9.2. Samaki wa hapa wameumbwa kwa maji hayo, ila mimea mingi inayoitwa rahisi imezoea maji laini, ikifika kwetu inanyauka. Kwa hiyo nimepanga kwa kuangalia kwanza kama mmea utaishi, kisha uzuri wake.

Namba moja ni anubiasi, na sioni wa kuushinda. Asili yake ni Afrika Magharibi na ya Kati. Majani yake ni mazito na makakamavu, hata samaki mlafi huonja akaacha. Unaridhika na mwanga hafifu, hauhitaji udongo wa mbolea, wala mtungi wa kaboni (gesi ya kaboni dayoksaidi ambayo mimea huitumia kukua). Ufunge kwenye jiwe kwa uzi, au ubandike kwa tone la supaglu. Lile shina nene linalotambaa lisifukiwe mchangani hata kidogo: likifukiwa huoza, na mmea wote unakwenda nalo. Unapochagua, minya shina hilo. Likiwa gumu, chukua. Likibonyea na kutoa harufu, acha hata ukipunguziwa bei. Hukua taratibu sana, kwa hiyo lipia mche mkubwa tangu mwanzo. Usiuweke chini kabisa ya taa kali, maana majani yasiyokua haraka hushikwa na mwani. Kivuli cha jiwe kinaufaa.

Namba mbili naipa valisneria, ule mmea wa majani marefu kama utepe. Mimea ya jamii hii huota yenyewe ndani ya Ziwa Tanganyika, na hujua kutumia kaboni iliyomo kwenye maji magumu. Ukishashika mizizi hutambaa chini ya mchanga na kuchipua miche mipya, hivyo michache inatosha kuanzia. Panda mizizi tu, kitako cheupe kibaki juu ya mchanga. Wiki za kwanza majani ya zamani huyeyuka. Usiung'oe, subiri chipukizi. Kinachouzuia kupanda juu zaidi kwenye orodha hii ni samaki wenyewe. Tropheus, samaki wa miambani wa ziwa letu, wanaishi kwa kukwangua mwani na majani haya laini watayaguguna, na wale wadogo wanaokaa kwenye makombe ya konokono huchimba mchanga usiku na mchana. Ukiwa nao, zungushia mizizi mawe.

Kangaga la Java linafuata. Hufungwa juu ya jiwe vilevile kama anubiasi, na samaki wengi hawalitaki. Madoa meusi yenye mpangilio chini ya jani ni vifuko vya spora, vumbi lake la kuzaliana, si ugonjwa, kwa hiyo usilikatae dukani kwa sababu hiyo.

Nne ni seratofilamu, mmea wa kuelea usio na mizizi. Hukua kwa kasi na hunyonya uchafu wa samaki, jambo linalosaidia sana tangi jipya. Lakini safari inauumiza: ukiubadilishia maji ghafla humwaga vijani vyake vyote na kuziba chujio. Ununue kwa mfugaji wa jirani kama yupo.

Ukiagiza kutoka Dar es Salaam, mzigo unasafiri zaidi ya kilomita 1,200. Anubiasi na kangaga huvumilia vizuri vikifungwa kwenye gazeti lenye unyevu ndani ya mfuko wa plastiki, bila kujazwa maji.

Viko vya kuacha. Kabomba, mmea wa majini wenye vijani vyembamba kama manyoya, na mimea mingi myekundu hutaka mwanga mkali na kaboni ya ziada. Ile "mianzi ya bahati" inayouzwa kama ya majini ni mmea wa nchi kavu. Ukizamishwa wote, majani yanaoza. Na tafadhali usichume majani ya bure kwenye mabwawa ya bonde la Luiche au mitaroni. Konokono wanaokuja nayo wanaweza kuwa wale wanaobeba kichocho, na wewe ndiye utakayetia mikono kwenye maji hayo.

Kwa mandharinyuma sina mashaka: rangi nyeusi, ipakwe nje ya kioo cha nyuma kabla tangi halijajazwa. Ni nafuu, haimomonyoki, huficha nyaya na mabomba, na rangi za samaki hujitokeza. Usiyetaka kupaka, bandika karatasi nyeusi isiyong'aa. Picha za miamba na matumbawe naziweka chini. Hewa ikiingia kati yake na kioo zinameta kama kioo cha kujitazamia, na matumbawe ni ya baharini, hayahusiani na ziwa letu. Ukuta wa povu wenye umbo la mwamba ni mzuri kwa tangi kubwa tu. Kwenye dogo hula nafasi ya kuogelea, na samaki wakipenya nyuma yake kuwatoa ni kazi.

Mawe halisi yaliyopangwa hadi karibu na uso wa maji ndiyo mandhari inayofanana zaidi na fukwe zetu, na anubiasi hupata pa kushika. Yaweke juu ya kioo cha chini kwanza, yakiwa yamelala kwenye kipande chembamba cha povu gumu, ndipo umimine mchanga. Ukitanguliza mchanga, samaki watachimba chini yake na jiwe litaanguka kwenye kioo.

Taa iwake kwa muda wa saa sita hadi nane kwa siku. Usiku mimea nayo hutumia oksijeni, kwa hiyo umeme ukikatika tangi lililojaa majani linahitaji pampu ya betri. Mabaki ya kupogoa yaanike juani hadi yakauke kabisa, yasitupwe ziwani: magugu maji yaliyolisumbua Ziwa Victoria yalikuwa ua la mapambo lililoletwa kutoka Amerika Kusini.