Kurudia kutengeneza majahazi madogo ya mfano: kuchonga au kuunda?
Kuchonga kipande kizima cha mti kuna raha ya haraka. Patasi, tupa, msasa, na baada ya jioni mbili tatu omo wima (sehemu ya mbele) ya jahazi la Lamu imeshajitokeza. Ukikosea kidogo, rangi itakusitiri.

Kuunda ni kazi nyingine kabisa: mkuku (uti wa chini wa chombo), mataruma (mbavu zake), kisha mbao za unene wa milimita 1, mmoja mmoja. Kwa kipimo cha 1:50, jahazi la mita 15 linakuwa sentimita 30 tu, na penye mpindo wa omo ubao hugoma mpaka uuloweke maji ya moto. Mimi niliharakisha, ukalia ta! ukapasuka.

Kwa mkono uliokaa miaka bila kazi, ningechonga kwanza, mataruma yakinisubiri kabatini.