Digrii ya historia nimeimaliza, hii hapa rivyu yangu (nyota 4 kati ya 5)

Watu wengi wananiuliza hii kozi ikoje nikaona niandike mara moja, kwasababu ukitafuta maoni mtandaoni unakuta ama vipeperushi vya vyuo vinavyosifia kila kitu, ama watu wanaosema haina maana na wao hawajakaa hata kwenye lekcha moja. Mi nimeisoma mwanzo mpaka mwisho, digrii ya kwanza, na naipa nyota nne. Nyota moja nimeiondoa kwa makusudi na nitasema ni kwa nini huko mbele.

Kwanza kabisa, kama unaingia ukitegemea kukariri tarehe na majina ya wafalme utashangaa wiki ya kwanza tu. Tarehe utazijua, huwezi kukwepa, lakini hakuna anayekupa maksi kwa kuzijua. Unachofundishwa ni kuiuliza karatasi maswali. Nani kaandika, lini, alikuwa anamwandikia nani, alijuaje anachokisema, na alipata faida gani kukisema hivyo. Basi. Hayo maswali matano utayauliza mpaka uanze kuyauliza hata ukiwa unasoma habari kwenye simu, na hicho ndicho kitu pekee ambacho naweza kusema kwa uhakika kwamba kimebadilisha namna ninavyofikiri.

Nitoe mfano. Karibu kila mtu anayetoka shule anaamini kwamba kwenye mkutano wa Berlin wa 1884 hadi 1885 wazungu walikaa mezani wakachora mipaka yote ya Afrika siku hizo hizo. Chuoni unapewa ile hati ya mwisho ya mkutano wenyewe uisome, na unakuta kwamba sehemu kubwa inahusu biashara na usafiri kwenye mito ya Kongo na Niger, pamoja na masharti ya nchi inayodai eneo jipya la pwani, kwamba iwajulishe wenzake na iwe na mamlaka ya kweli pale. Mipaka mingi ilikuja baadaye kwa mikataba ya nchi mbili mbili, kwa mfano Uingereza na Ujerumani mwaka 1886 na tena 1890. Hii haiwasafishi hata kidogo, hakukuwa na Mwafrika hata mmoja aliyewakilisha watu wake pale, ila sasa unaona unyang'anyi wenyewe ulivyofanyika, kipande kwa kipande, kwa miaka mingi, na kwa mikono ya watu wengi kuliko wale wa kwenye picha ya mkutano. Ukishaona hivyo lile jibu la shule linakuwa jepesi mno.

Kusoma ni kwingi. Nasema kwingi kweli, na hii haipunguziwi mtu. Kila wiki kila kozi inakupa makala na sura za vitabu, ukijaribu kusoma kila neno kuanzia ukurasa wa kwanza hutamaliza na hutaelewa. Inabidi ujifunze kusoma kama wanavyosoma wanahistoria wenyewe: utangulizi, hitimisho, halafu unarudi katikati kuangalia ushahidi alioutumia, na unapitia tanbihi (yale maelezo ya chini ya ukurasa) maana huko ndiko mwandishi anakoonyesha anabishana na nani. Hakuna aliyenifundisha hilo rasmi, nilielekezwa na wanafunzi wa mwaka wa juu, na naona ni uzembe wa kozi nyingi kuacha kitu cha msingi hivyo kijifundishe chenyewe. Makala nyingi utazipata JSTOR, ile hazina ya majarida ya kitaaluma mtandaoni, kupitia maktaba ya chuo, ila ujue majarida mengi pale yana ukuta wa muda, matoleo ya miaka michache ya mwisho mara nyingi hayapo, kwahiyo ukitaka utafiti mpya inabidi uende kwa mchapishaji mwenyewe au umuulize mkutubi. Wakutubi jamani muwatumie! Huduma bora kuliko zote kwenye hii digrii ni hao na wanafunzi wengi wanamaliza bila kuwasemesha.

Sasa semina. Hapa ndipo kozi ilipojipatia nyota zote nne. Lekcha unaweza kuikosa ukasoma noti, semina ukiikosa umekosa kozi. Watu kumi na kitu mezani, wote mmesoma nyaraka zile zile, na mnagombana kwa heshima kuhusu zinasema nini.

Semina ambayo sitaisahau ni ya Kilwa. Tulipewa masimulizi ya Kilwa, yaani historia ya watawala wa mji huo wa kale, kwa matoleo mawili, moja la Kireno ambalo mwanahistoria João de Barros aliliingiza kwenye kazi yake ya mwaka 1552, na lingine la Kiarabu ambalo tunalo kwa nakala iliyoandikwa 1877. Yote mawili yanasimulia kuhusu mtawala wa kwanza aliyetoka Shiraz, Uajemi, akaja kwa jahazi, lakini orodha za watawala hazilingani, majina yanapishana, miaka inapishana. Ukihesabu kurudi nyuma kwa kufuata orodha unamfikisha huyo wa kwanza mnamo karne ya 10. Tukaulizwa, mnaamini? Kila mtu akawa na lake. Halafu mwalimu akatuletea akiolojia. Mwanaakiolojia Neville Chittick alichimba Kilwa miaka ya 1960, na kwa kuangalia sarafu za shaba zenye jina la Ali bin al-Hasan, ambaye alimhesabu kuwa ndiye huyo mtawala wa kwanza, zilitoka kwenye tabaka gani la udongo, akasema hapana, ukoo huu umeanza mwishoni mwa karne ya 12. Darasa zima tukahamia kwa Chittick, sarafu haidanganyi. Wiki iliyofuata tukaletewa Mtambwe Mkuu kule Pemba, ambako mwaka 1984 ilipatikana hazina ya sarafu ndogo za fedha zaidi ya 2,000, zikiwemo zenye jina hilo hilo la Ali bin al-Hasan, na pamoja nazo dinari za dhahabu za Wafatimi, waliotawala Misri zama hizo, ambazo zenyewe zina tarehe, na tarehe hizo zinaishia karne ya 11. Yaani tarehe ikarudi nyuma tena!

Na haikuishia hapo. Wanaakiolojia wengi walishaonyesha kwamba miji ya pwani ilikua kutoka kwa jamii za hapo hapo, wavuvi, wakulima, wafua chuma, kwahiyo swali likahama kabisa, ikawa sio tena Washirazi walifika lini bali kwa nini watu wa Kilwa walitaka asili yao isimuliwe namna ile. Sultani anayetaka heshima kwa wafanyabiashara wa Bahari ya Hindi anapata nini akisema babu yake alitoka Uajemi? Mjadala ukawa mtamu sana hapo. Halafu mwaka 2023 ukatoka utafiti wa DNA ya watu waliozikwa pwani zama hizo, ukaonyesha mchanganyiko wa asili ya Kiafrika na ya Kiajemi kuanzia takriban mwaka 1000, upande wa kike ukiwa wa Kiafrika kwa sehemu kubwa sana. Kwahiyo wale waliosema masimulizi ni hadithi tupu ikabidi warudi mezani, na wale waliosema ni ukweli mtupu nao pia, maana damu ya Kiajemi kwenye mfupa haikuambii huyo mtu alijiita nani, alisema lugha gani wala alitawala nini. Mimi nilitoka pale nikiwa na imani kwamba kama digrii nzima ingekuwa ni hizo wiki chache bado ingetosha kuisomea.

Kuna na ile ya kugundua hati feki, fupi lakini tamu. Lorenzo Valla mwaka 1440 alionyesha kwamba ile hati iliyodai Konstantino, kaisari wa Roma, amempa Papa utawala wa magharibi ni ya kughushi, akitumia Kilatini chenyewe cha hati, kwamba ina maneno ambayo enzi za Konstantino hayakuwepo. Na mwaka 1983 zikatokea zile daftari zilizodaiwa ni shajara za Hitler, gazeti la Stern likazichapisha kwa kishindo, mwanahistoria mkubwa Hugh Trevor-Roper akazithibitisha mwanzoni, halafu vipimo vya hifadhi ya nyaraka ya taifa ya Ujerumani Magharibi vikakuta kwenye karatasi kemikali ya kung'arisha ambayo haikutumika kabla ya vita kuisha. Ukisoma hizo mbili pamoja unaelewa kwamba cheo cha anayethibitisha sio ushahidi.

Haya, nyota niliyoiondoa. Kitu kinachoniuma ni kozi ya nadharia na historia ya uandishi wa historia kuletwa mwaka wa pili mwishoni, sehemu nyingine hata mwaka wa mwisho. Huko ndiko unakosikia kuhusu Wafaransa Marc Bloch na Lucien Febvre walioanzisha jarida la Annales mwaka 1929 wakasema historia sio ya wafalme na vita tu, ni ya bei za nafaka, hali ya hewa, imani, maisha ya mkulima. Ndiko unakoelezwa jinsi Jan Vansina, mwanahistoria wa Afrika, alivyotetea masimulizi ya mdomo kuwa chanzo chenye kanuni zake za kukipima kama zilivyo za karatasi. Sasa haya unayapata ukiwa umeshaandika insha kibao bila kujua kwamba vitabu ulivyovitumia vimetoka kwenye kambi zinazopingana. Yangewekwa wiki za mwanzo kabisa, kwa lugha nyepesi, kila kitu kingine kingeeleweka mara mbili.

Pia zile kozi za muhtasari zinazobeba miaka mia tano ndani ya semista moja ni mbio tupu, unapita juu ya mapinduzi na tauni na himaya nzima kwa slaidi, halafu mtihani unakuuliza kana kwamba ulikaa nazo. Na fidibaki ya insha. Kuandika insha wiki mbili halafu unarudishiwa na mstari mmoja unaosema uchambuzi zaidi unahitajika, hiyo haimsaidii mwanafunzi kabisa. Nakushauri uende ofisini kwa mwalimu saa zake za wanafunzi ukiwa na insha mkononi, umuulize ni aya ipi imeshindwa na kwa nini, wengi wao ana kwa ana wanafundisha vizuri sana kuliko kwenye maandishi.

Tasnifu ya mwisho ni kazi ngumu na ndiyo bora. Unachagua swali lako mwenyewe, unatafuta vyanzo vyako mwenyewe, unakaa na miandiko ya watu waliokufa zamani na mwanzoni husomi kitu, siku chache baadaye jicho linazoea na unaanza kumfahamu huyo karani kwa anavyokata herufi zake. Swali lifanye dogo. Sio ukoloni na elimu, bali shule moja, miaka kumi, faili gani zipo. Na kabla hujapenda swali hakikisha vyanzo vipo na lugha yake unaisoma, kuna wenzangu walibadilisha mada miezi miwili kabla ya kukabidhi kwasababu faili zote zilikuwa Kijerumani. Weka vyanzo kwenye Zotero, programu ya kutunza marejeo, tangu siku ya kwanza, ni bure na ilitengenezwa na watu wa historia wa chuo kikuu cha George Mason, itakuokoa usiku wa tanbihi. Programu za akili mnemba usizitegemee kwa marejeo, zinakutungia kitabu ambacho hakipo, na jina la mwandishi wa kweli juu yake. Msahihishaji akikitafuta asikione, insha nzima inaingia mashakani.

Kuhusu kazi nitasema kifupi. Haikupi leseni ya taaluma kama udaktari au uhasibu, hilo ni kweli na mtu asikudanganye. Waliomaliza na mimi wako kwenye ualimu, uandishi wa habari, sheria baada ya kusoma tena, makumbusho, utumishi wa umma, wengine kwenye mashirika wanaandika ripoti. Waajiri wanachopenda ni mtu anayeweza kupewa makaratasi mia mbili yanayopingana akarudi na kurasa mbili zinazoeleweka, na hicho digrii hii inakupa kweli. Ila tafuta na kitu cha pembeni mapema, takwimu, lugha, ramani za kompyuta, chochote, na uanze mwaka wa kwanza.

Kama hupendi kusoma muda mrefu peke yako usiichukue, utateseka. Kama unataka kila swali liwe na jibu moja la mwisho nayo itakusumbua. Wengine wote naipendekeza kwa moyo wangu wote, lakini kabla hujajaza fomu kiulize chuo mambo haya: semina zina watu wangapi kila moja, tasnifu ni ya wote au ni ya wenye maksi za juu tu, kozi ya nadharia inafundishwa mwaka gani, na kama wanafunzi wa digrii ya kwanza wanapelekwa kwenye nyaraka zenyewe au wanaishia kuoneshwa picha zake. Chuo kinachokuambia semina ni za watu hamsini na tasnifu ni hiari, tafuta kingine.