Flickr kwa Mpiga Picha wa Ridhaa: Tathmini Baada ya Miaka Sita

Kwa mtu anayepiga picha kwa mapenzi tu, bila mteja wala malipo, kinachokosekana mara nyingi si kamera bora bali jicho la pili. Ndugu na jamaa huisifu kila picha wanayoonyeshwa, kwa kuwa wanampenda mpigaji kuliko wanavyoitazama picha yenyewe, na mitandao ya kijamii ya kawaida huipitisha picha hiyo mbele ya watu kwa muda mfupi kabla haijafukiwa na vichekesho na matangazo. Nilijiunga na Flickr, tovuti ya kuweka na kushirikishana picha, miaka sita iliyopita nikilitafuta jicho hilo, na tathmini hii inajibu zaidi swali moja: je, huduma hii inamkutanisha mpiga picha wa ridhaa na watu watakaoitazama kazi yake kwa makini na kumwambia jambo la kumfaa? Jibu langu ni ndiyo, ingawa si katika kila kona yake, na zipo kona ambazo ningemshauri mgeni asizikaribie kabisa.

Flickr si huduma changa. Ilianzishwa mwaka 2004 huko Vancouver, Kanada, na kampuni ya Ludicorp ya Stewart Butterfield na Caterina Fake, ambayo hapo awali ilikuwa ikitengeneza mchezo wa kuchezwa na watu wengi kwa pamoja kwenye intaneti. Mchezo huo haukufika mbali, lakini kazi ya kushirikishana picha iliyochipuka humo ndiyo iliyogeuka kuwa biashara. Yahoo iliinunua kampuni hiyo mwaka 2005, na mwaka 2018 Flickr ikahamia mikononi mwa SmugMug, kampuni ya Marekani ambayo shughuli yake ni picha. Kwa maoni yangu asili ile ya mchezo bado inaonekana hadi leo, maana mambo mazuri zaidi ya Flickr yamejengwa juu ya watu kukutana na kuzungumza, wala hayamtegemei mtu mmoja anayesimama jukwaani huku wengine wakimshangilia kutoka gizani.

Kitu cha kwanza kinachoitofautisha ni ukurasa wa picha. Picha huonyeshwa kwa ukubwa unaostahili, kwa umbo alilolichagua mpigaji, na chini yake hutokea kumbukumbu zilizoandikwa na kamera: aina ya kamera na lenzi, kasi ya shata (muda ambao pazia la kamera hubaki wazi), ukubwa wa tundu la lenzi, kiwango cha ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) na urefu wa fokasi, isipokuwa pale mwenye picha alipoamua kuzificha. Maelezo hayo yanaweza kuonekana kama mapambo ya mafundi, ilhali kwangu yalikuwa shule. Kwa miezi kadhaa picha zangu za ndege warukao zilitoka na ukungu kwenye mbawa, nami niliilaumu lenzi, tena nusura ninunue nyingine. Kisha nikakaa jioni moja nikisoma kumbukumbu za picha zilizonivutia, na nikaona kwamba wenzangu walitumia kasi ya sekunde 1/1600 au zaidi, wakati mimi nilibaki kwenye 1/200 kwa kuogopa chembechembe zinazoletwa na ISO kubwa. Lenzi haikuwa na kosa lolote.

Hata hivyo, namba pekee hazimtoshi mtu. Picha yangu ya kwanza kupata maoni ya maana ilikuwa ya baiskeli iliyoegemezwa ukutani baada ya mvua. Watu wawili waliandika neno moja tu, kwamba ni nzuri, nami nikafurahi kwa dakika chache. Mtu wa tatu, ambaye hadi leo namfahamu kwa jina lake la utani na kwa picha zake za madaraja, alianza kwa kusema kwamba kivuli cha gurudumu ndani ya dimbwi kilikuwa na uzuri kuliko baiskeli yenyewe. Baada ya hapo alitumia nyenzo ya Flickr inayomwezesha mtazamaji kuchora kisanduku juu ya sehemu ya picha na kuandika neno humo, akaizungushia ndoo nyeupe iliyokatwa nusu kwenye pembe ya kulia. Aliandika kwamba jicho hukimbilia mahali penye mwanga mkali kuliko pote, na kwamba hapo lilikimbilia ndoo. Kisha akauliza kama hatua moja kuelekea kushoto isingeificha nyuma ya tairi. Siku mvua iliponyesha tena nilirudi pale pale, nikapiga magoti kwenye matope, nikapiga picha ya dimbwi. Ndoo bado ilikuwepo, ila safari hii haikuingia kwenye fremu.

Nimelitafakari sana lile oni lake, kwa kuwa ndani yake mlikuwa na kila kitu ninachokitafuta katika kutiwa moyo. Alionyesha mahali mahsusi palipo pazuri, akaeleza sababu ya palipo dhaifu, na akaliweka pendekezo lake katika umbo la swali ambalo ningeweza kulikataa. Hakunidanganya ili nifurahi, wala hakunionyesha ujuzi wake ili ninyamaze. Huduma haiwezi kumzaa mtu wa namna hiyo, lakini inaweza kumpa mahali pa kufanyia kazi yake, na kisanduku kile kidogo juu ya picha, ambacho watumiaji wengi hawajui hata kama kipo, ni miongoni mwa nyenzo bora nilizokutana nazo. Bahati mbaya ni kwamba kinafaa zaidi kwa mtu aliyeketi mbele ya kompyuta.

Mahali watu wa aina hiyo wanapopatikana ni kwenye vikundi. Kikundi kina hifadhi yake ya picha, uwanja wake wa mazungumzo, na msimamizi anayetunga kanuni, na kipo kwa karibu kila jambo linaloweza kupigwa picha, kuanzia milango ya zamani na wadudu hadi filamu za rangi nyeusi na nyeupe. Mimi nimebaki kwenye vikundi vitatu tu. Kimojawapo ni cha kukosoana, na kanuni yake ni kwamba kabla ya kuweka picha yako ni lazima utoe maoni kwenye picha mbili za wengine, maoni yenye sababu, na msimamizi huyafuta yale yanayosifu bila kueleza. Kanuni hiyo iliniudhi mwanzoni, kwa sababu nilikuwa na haraka ya kuonwa. Baada ya muda nikagundua kwamba nilikuwa najifunza zaidi kwa kuandika kuliko kwa kuandikiwa: ukilazimika kueleza kwa nini uso wa mtoto katika picha ya mgeni unaonekana bapa, utautazama mwanga wa dirishani kwa namna nyingine kesho yake.

Kikundi cha pili ni cha wale wanaopiga picha moja kila siku kwa siku 365. Humo hakuna ukosoaji mkali, wala hauhitajiki, kwani adui wa mradi huo ni uchovu. Siku ya 43 nilirudi nyumbani usiku bila picha, nikapiga swichi ya taa ukutani, nikaipakia kwa aibu. Mmoja wa wenzangu aliandika kwamba yeye siku ya 43 alipiga kijiko, na kwamba cha msingi ni kuwa tumefika siku ya 43. Sikuumaliza mwaka, nilifika siku ya 211, lakini bila kijiko cha yule bwana nadhani ningeishia siku ya 44.

Anayetafuta kikundi asidanganywe na idadi ya wanachama. Vipo vikundi vyenye maelfu ya watu ambavyo uwanja wake wa mazungumzo umenyamaza kwa miaka, picha zinaingia kila saa na hakuna anayezitazama, kama barua zinazotumbukizwa kwenye sanduku la nyumba iliyohamwa. Fungua kwanza uwanja wa mazungumzo, tazama tarehe ya ujumbe wa mwisho, kisha soma namna msimamizi anavyojibu wageni.

Kona ninayoionya kwa nguvu zaidi ni ile ya vikundi vya kupeana tuzo, ambavyo humtaka kila anayeweka picha moja azipe picha mbili au tatu za wengine nishani ya kubandika, yenye rangi zinazometa na maneno ya kutukuza. Hesabu yake ni rahisi: kila mtu anatoa, kila mtu anapata, na picha ya jua likizama hupokea nishani thelathini kwa siku bila ya mtu hata mmoja kueleza imefanya nini ambacho picha nyingine za machweo hazikufanya. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, nami nimewaona wapigaji hodari wakikwama mwaka mzima kwenye picha ya namna moja kwa sababu nishani hazikukoma. Sisemi kwamba sifa ni mbaya. Nasema kwamba sifa inayolipwa kwa sifa ni biashara ya kubadilishana bidhaa, na mtu akiichoka biashara hiyo hubaki bila rafiki na bila somo.

Ukurasa uitwao Explore, unaoonyesha picha zisizozidi 500 kwa siku zilizochaguliwa na kanuni za kompyuta, una athari inayofanana na hiyo ingawa ni ya hila zaidi. Huwezi kuomba kuingizwa humo, na picha inayoingia hufurika nyota na wageni kwa siku mbili. Iliwahi kutokea kwangu mara moja, kwa picha ya ukungu niliyoiona ya kawaida, na kati ya maoni yote yaliyomiminika siku hiyo silikumbuki hata moja. Ukurasa huo unafaa kutazamwa asubuhi kwa ajili ya kupata wazo, ila haufai kuwa kipimo cha kazi ya mtu.

Sasa nije kwenye masharti, ambayo ndiyo yaliyozua manung'uniko mengi. Mwaka 2013, chini ya Yahoo, kila mtu alipewa nafasi ya terabaiti moja bila malipo. Novemba 2018, wamiliki wapya walitangaza kwamba akaunti isiyolipiwa itahifadhi picha na video zisizozidi 1,000, na kwamba zitakazozidi zitafutwa, hatua iliyoanza kutekelezwa mwaka uliofuata. Mwaka 2022 likaongezwa sharti jingine kwamba katika hizo 1,000, zisizo za wazi kwa umma zisizidi 50. Naelewa hoja ya biashara, kwani nafasi ya kuhifadhi haipatikani bure na akaunti ya kulipia huondoa matangazo na mipaka hiyo. Nisichokubaliana nacho ni watetezi wanaosema kwamba mtu makini ana nakala zake nyumbani, kwa hiyo hapotezi kitu. Miaka mingi kabla ya kujiunga na Flickr nilitumia huduma nyingine ndogo ambayo ilifungwa ghafla. Picha zangu zote nilikuwa nazo kwenye diski. Kilichopotea ni maneno yaliyoandikwa chini yake, pamoja na majina ya watu waliokuwa wakinirekebisha tangu nilipokuwa sijui kuishika kamera, na hayo hayakuwa na nakala popote. Picha ikifutwa kwenye Flickr, mazungumzo yake huondoka nayo, na kwa huduma ambayo thamani yake iko kwenye mazungumzo, jambo hilo lilistahili uzito mkubwa kuliko lilivyopewa. Tangu hapo ninayanakili maoni ninayoyathamini kwenye daftari, kwa mkono.

Upande wa haki, Flickr inaheshimika. Kila picha huhifadhiwa kwa haki zote za mwenyewe mpaka yeye aamue vinginevyo, na anayetaka kazi yake itumiwe na wengine huchagua mojawapo ya leseni za Creative Commons, ambazo hueleza masharti ya kuitumia. Pia mtumiaji hupanga nani aone kila picha, na anaweza kuficha mahali ilipopigwa, jambo ninalolisisitiza kwa yeyote anayepakia picha zilizopigwa nyumbani kwake au zenye watoto. Kuna hazina nyingine inayopitwa na wengi, nayo ni mkusanyo wa picha za kale ulioanza mwaka 2008 kwa ushirikiano na Maktaba ya Bunge la Marekani, ambao sasa una taasisi nyingi za kumbukumbu. Humo watazamaji wa kawaida huandika chini ya picha za kale wanachokijua kuhusu majengo, mavazi na watu wanaoonekana.

Programu ya simu inatosha kwa kutazama na kujibu, ingawa kwa kazi ya vikundi nimeiona nyembamba mno, na shughuli zangu zote za maana nazifanyia kwenye kompyuta. Kiswahili hakimo katika lugha za menyu. Hilo halizuii mtu kuandika maoni kwa Kiswahili, na nimewahi kujibiwa na mtu aliyetumia mashine ya tafsiri ili anishukuru kwa lugha yangu, shukrani iliyokuja na sarufi ya ajabu na nia isiyo na doa.

Kwa anayeanza, akaunti isiyolipiwa inatosha kabisa, mradi asiigeuze ghala la kila anachokipiga. Apakie picha moja au mbili kwa wiki, achague kikundi kimoja kilicho hai, na kabla ya kuuliza kwa nini hajapata maoni ahesabu ni mangapi ameyatoa mwenyewe. Anayetaka ghala la familia, au anayepiga harusi na kupakia mamia ya picha kwa siku moja, alipie tangu mwanzo au atafute huduma nyingine. Mimi nina picha 612 katika miaka sita, na kwa mwendo huu swali la kulipia litanifikia baada ya miaka mingine mitatu au minne.