Uzoefu wangu na kituo cha vijana: mwaka mmoja na nusu wa mpwa wangu pale

Nawapa nyota nne, na ile ya tano nimewanyima makusudi, sababu ni saa zao za kufunga, nitafika huko msiwe na haraka. Watu wengi wanauliza hivi vituo vya vijana vina maana kweli au ni pa kumtoa tu mtoto nyumbani kelele zipungue. Mi nilikuwa kundi hilo la pili. Sasa ninaye mpwa wangu, binti wa dada yangu, nakaa naye tangu ana miaka 14, hivi sasa anaelekea 16, na karibu muda wote huo amekuwa anaenda pale siku tatu kwa wiki, kwa hiyo naongea nilichokiona sio nilichosimuliwa.

Sikumpeleka kwa sababu nimesoma faida zake mahali. Nilimpeleka kwa sababu nilikuwa nimeshindwa, basi. Kahamia kwangu, shule mpya, hana hata rafiki mmoja, akirudi ni moja kwa moja chumbani na mlango unafungwa, ukimuuliza vipi shule anakwambia "poa", chakula anakuja anachukua sahani anaondoka nayo, na mimi mwanaume niliyezoea kuishi mwenyewe miaka yote hiyo, binti wa miaka 14 namuanzia wapi? Nikiongea sana nakuwa msumbufu, nikinyamaza naonekana simjali. Tulienda hivyo karibu miezi mitatu mpaka mwalimu wake wa darasa akaniambia kuna kituo kinapokea vijana baada ya shule, bure, nijaribu.

Siku ya kwanza kilichonishangaza ni fomu. Nilitegemea zile za kawaida, jina, umri, namba ya mzazi, ana aleji gani, na kweli hayo yalikuwepo upande wa mbele, ila upande wa nyuma nikaambiwa sio wangu, anajaza mwenyewe. Maswali mawili tu: ungependa tukuite nani, na ni jambo gani hutaki kuulizwa. Mpwa wangu akakaa anaizungusha ile kalamu weee, halafu akaandika neno moja, "kuhama". Nilikuwa nachungulia (najua, haikuwa haki). Na miezi mitatu yote swali langu la kila siku lilikuwa hilohilo, unaonaje huku, umeshazoea, si afadhali kuliko kule?

Sasa shughuli. Kuna mpira wa meza, dansi, maigizo, kachumba ka kompyuta, uwanja, na meza za kufanyia homuweki ambapo wanafunzi wa chuo wanajitolea kuwasaidia hesabu. Vifaa sio vya kuringia, raketi moja ya mpira wa meza raba yake imebanduka wameirudishia kwa selotepu, na ndo hiyohiyo inagombewa. Nilidhani ataingia dansi. Wapi! Wiki tatu nzima alikaa kwenye benchi la ukutani na eafoni masikioni, anaangalia tu wenzake. Nikamfuata yule dada msimamizi nikamwambia jamani mbona mtoto anakaa tu, hamumshughulishi? Akaniuliza, "Anko, unamleta au anakuja mwenyewe?" Nikasema anakuja mwenyewe, hata mvua ikinyesha nikamwambia leo pumzika anaenda. Akasema basi muache.

Nikaona huyu naye mvivu tu, anatafuta maneno. Ila wiki ya nne kukawa na vijana wawili wanabishana pointi pale mezani, kila mtu anajihesabia za kwake, yeye kutoka kule benchini akachomoa eafoni moja akasema "ni tisa saba, na wewe ndo unaibiwa". Wote wakageuka. Kumbe siku zote hizo alikuwa anahesabu! Tangu hapo akawa refa, mechi haianzi hajafika, na ukitaka kumsikia anaongea mpaka sauti inakauka we mbishie pointi. Ndo maana siku hizi mtu akinisifia kituo kwa ule urefu wa ratiba ubaoni, saa hii dansi saa ile ujasiriamali, namuuliza na saa za kukaa tu bila kupangiwa kitu wanazo? Kwa mtoto aliyejifungia, zile ndo saa zenyewe.

Umri wamegawa vizuri, hili msilichukulie kirahisi. WHO, yaani Shirika la Afya Duniani, wakisema kijana balehe wanahesabu kuanzia miaka 10 hadi 19, sasa fikiria wa 10 na wa 19 ukumbi mmoja, mmoja bado anakimbizana na mwingine ana ndevu. Pale wadogo wana siku zao, wa kati siku zao, wakubwa jioni. Na kila ukumbi lazima wawepo watu wazima wawili, mmoja akitoka mwingine anaitwa, sijawahi kukuta mtu mzima kajifungia na mtoto. Chumba cha kaunsela chenyewe mlango una kioo, hausikii wanachoongea lakini unawaona. Kama kituo chenu hakina hivyo vitu viwili, mi hata kuingia singeingia.

Nimemtaja kaunsela, sasa huyu ndo aliyenitoa jasho. Alikuwa anakaa naye nusu saa kila wiki. Baada ya wiki ya pili hivi nikamuuliza mnaongea nini, akanijibu anaendelea vizuri. Nikasema hapana mama, naomba kujua, mi ndo mlezi. Akanikumbusha kwa upole kabisa kile alichotuambia sote wawili siku ya kwanza, ambacho mimi nilikiitikia tu kama mtu anavyoitikia masharti ya simu: yanayosemwa mle yanabaki mle, isipokuwa mambo matatu, kijana akiwa katika hatari ya kujidhuru, akitaka kumdhuru mtu mwingine, au kukiwa na mtu anayemdhuru yeye. Hapo hakuna siri, wanaopaswa kujua wanajulishwa, na kijana mwenyewe anaambiwa kwanza kwamba jambo lake linatoka. Nje ya hayo, hata mimi simo.

Niliumia jamani. Yaani namlisha, namvalisha, nikiamka usiku nachungulia kama kalala, halafu yaliyo moyoni mwake anayajua mtu niliyemfahamu juzi? Nilikaribia kumwachisha kwenda.

Siku moja jioni tunaosha vyombo, yeye anasuuza mi nafuta, akasema bila kuniangalia, "Mjomba, kaunsela aliniuliza kama nimewahi kufikiria kufa." Nikashika ile sahani nikaiweka chini taratibu maana mikono ilikuwa haieleweki. Nikamuuliza ukasemaje. "Nikamwambia hapana, ila kuna siku natamani tu nisiwepo shule, nisiwepo popote." Kimya. Halafu akaendelea kusuuza, na akaendelea kuongea, nusu saa nzima vyombo vimeisha tumesimama pale bomba limefungwa. Kesho yake nikampigia yule mama nimepanda mori kwelikweli, kwa nini unamtia mtoto maneno kama hayo kichwani? Akanisikiliza mpaka nikamaliza ndo akanieleza kwamba kumuuliza mtu waziwazi kuhusu kujiua hakumpandikizii wazo hilo, hilo limeshachunguzwa sana, mara nyingi mwenye mzigo huo anapata nafuu kuona kuna mtu haogopi kulisikia. Na kwamba yeye ndo aliyemuuliza mpwa wangu kama angependa mjomba ajue, na akamwachia achague siku yake. WHO wenyewe wanasema karibu kijana 1 kati ya 7 wa umri huu wa miaka 10 hadi 19 anaishi na tatizo la afya ya akili. Ukisimama pale uwanjani ukahesabu vichwa saba saba, inakuwa sio takwimu tena.

Basi kuhusu kaunsela nimenyoosha mikono. Tuje kwenye kero, maana zipo.

Semina zao ni za hovyo. Analetwa mgeni na projekta, saa mbili nzima anaongea kuhusu makundi mabaya na madhara ya mitandao, watoto nusu wamelala nusu wako kwenye hiyo mitandao. Mpwa wangu anasema ukitaka kujua hawakusikilizi, angalia wanavyoanza sentensi: "nyie vijana wa siku hizi". Mmoja tu ndo alifana, nesi mmoja aliyepitisha boksi watu waandike maswali bila majina akayajibu moja moja hadi yale ya aibu, kuhusu hedhi, ndoto za usiku, chunusi, jasho, hakuna aliyesinzia.

Halafu walikuwa na kipindi cha Jumamosi saa moja asubuhi. Saa moja! Kijana wa miaka 13 hadi 18 anatakiwa alale kwa muda wa saa 8 mpaka 10 kwa siku, na balehe yenyewe inamsogezea usingizi mbele, ile homoni ya usingizi melatonini inachelewa kupanda, sio ukaidi wala uvivu kama tulivyokuwa tunachapiwa sisi. Walikuja watoto wanne, wawili waliletwa na wazazi wao. Wakakaa miezi miwili wanalalamika vijana hawana mwamko ndo wakakihamishia saa nne, kikajaa.

Uwanja pia, wavulana walikuwa wameuteka. Hakuna sheria iliyosema wasichana wasicheze, ni kwamba anayewahi mpira ndo mwenye uwanja na wanaowahi ni walewale. Hili lilitatuliwa na kamati ya vijana, na hiyo kamati nayo ina hadithi yake. Mpwa wangu alichaguliwa kuingia, akarudi na furaha, baada ya vikao viwili akaja amenuna anasema anko ile sio kamati ni pambo, tunaitwa wageni wakija tupige picha, maamuzi tunayakuta yameshafanyika. Mmoja wa wale wanafunzi wa chuo akamwonesha ile ngazi ya mtafiti Roger Hart ya kupima watoto wanashirikishwa kiasi gani, aliichora mwaka 1992 kwenye kijitabu cha UNICEF, shirika la watoto la Umoja wa Mataifa, ina vipandio 8, na vile vitatu vya chini, watoto kutumiwa, kufanywa pambo, na kuwekwa ili mradi waonekane wapo, Hart anasema huo bado sio ushiriki. Huyu binti akaichora upya kwenye karatasi kubwa, kwenye kipandio cha pili akabandika ile picha waliyopigwa na wageni, akaitundika mlangoni kwa msimamizi. Nilijua atafukuzwa nikaanza kuandaa maneno ya kuombea msamaha. Yule dada akaisoma, akaiacha hapohapo wiki nzima kila anayeingia aione, na kikao kilichofuata kamati ikapewa ratiba ya uwanja iipange yenyewe. Sasa wasichana wana siku mbili zao na siku nyingine timu mchanganyiko. Kwenye ule Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989 kifungu cha 12 kinasema mtoto asikilizwe kwenye mambo yanayomhusu, mi sikuwahi kukijua, nimefundishwa na mtoto mezani kwangu.

Kero nyingine ndogo, waliwahi kuweka picha za watoto mtandaoni bila kutuuliza, nikalalamika wakatoa siku hiyohiyo. Fomu ya ruhusa ya picha ikaja baadaye.

Kubwa zaidi ni watu kubadilika. Yule kaunsela mkataba wake uliisha akaondoka, tukaambiwa wiki moja kabla. Wiki moja! Mtoto ambaye kilichomvuruga ni kuhamishwa ghafla, unamfanyia tena kitu kilekile? Alirudi kwenye benchi. Wa sasa ni kijana wa kiume, mzuri tu, ila wameanzia sifuri na kuna mambo mpwa wangu anasema hawezi kumwambia mwanaume, akataka wa kike nao hawana. Najua hawana hela, wengi pale wanajitolea, lakini kuaga watoto vizuri hakuhitaji bajeti.

Na sasa saa za kufunga. Wanafunga saa kumi na mbili jioni, na shule zikifunga na wao wanafunga. Mi hili silielewi mpaka leo. Shule ikifungwa ndo kijana ana siku nzima mikononi, wazazi tuko kazini, ndo shida zote zinapozaliwa, na wao wanaweka kufuli. Ile namba ya simu ya msaada iliyobandikwa getini niliijaribu usiku wa saa tatu kwa makusudi, ikaita mpaka ikakata. Nikawaambia, ama ipokelewe ama itolewe na badala yake muandike namba ya taifa ya huduma kwa watoto inayopokelewa usiku, nchi nyingi zinayo, maana mtoto aliyejipa moyo akapiga mara moja asipokelewe hapigi tena. Wameandika. Likizo bado wanafunga.

Wanaouliza kama wampeleke mtoto asiyetaka: usimburute. Nenda naye mara moja, kaa naye dakika kumi, muonyeshe choo kilipo na nani wa kumuuliza, uondoke. Akikataa kurudi subiri mwezi ujaribu tena. Na akikubali usimhoji njia nzima mkirudi, mi nilijifunza kununua betri ya redio nikawa nasikiliza mpira zangu, akitaka kusema anasema.

Kwa hiyo nne. Siku nitakayokuta geti liko wazi wakati wa likizo narudi hapa naongeza ya tano.